Blender na Mzee wa Manda: Jamani, Hii Kitu ni Bure!

Niseme mapema kabla pumzi haijaniishia. Ukiwa na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 na bando la kupakua faili lisilofika megabaiti 500, unaweza kuchonga uso wa mtu kuanzia mfupa wa pua, ukauvika ngozi, ukauotesha mvi, kisha ukamsimamisha mwenye uso huo ufukweni Manda, Ziwa Nyasa likimeremeta nyuma yake, mpaka mtu wa Ludewa akuulize: "Huyu ni wa ukoo gani?" Programu yenyewe inaitwa Blender. Bei yake ni sifuri, tena sio ile sifuri ya siku 30 halafu unadaiwa. Ni sifuri leo, sifuri kesho, na sifuri siku utakapoanza kuuza kazi zako.

Nimefungua toleo la 4.5, lililotoka Julai 2025. Hili ni toleo la muda mrefu, litarekebishwa hadi Julai 2027. Najua la 5.0 limeshatoka, Novemba 2025, ila kwa kazi ya kuchonga sura moja kwa uvumilivu nataka chombo kisichonibadilikia mkononi. Na nilichokiona kimenifanya niwasumbue ndugu, jamaa na wateja wa stesheneri nzima. Sasa ni zamu yenu.

Sura maarufu za Manda ni za reptilia

Manda tayari inajulikana duniani kwa picha zilizochorwa kwa ufundi wa hali ya juu. Tatizo ni kwamba wenye sura hizo walikufa zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita! Wanajiolojia waliyaita matabaka ya miamba ya bonde la mto Ruhuhu kwa jina la Manda, na mwaka 1933 Mwingereza Rex Parrington akachimbua humo mifupa iliyoishia kwenye makabati ya makumbusho. Asilisaurus akatangazwa mwaka 2010. Nyasasaurus akafuata mwishoni mwa 2012, akidhaniwa kuwa huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote waliowahi kupatikana. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Teleocrater, mnyama mwembamba wa mita mbili hadi tatu aliyetembea kwa miguu minne kama mamba.

Sasa sikia hili. Huyo Nyasasaurus anajulikana kwa mfupa wa mkono na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Fuvu lake halijaonekana, hata kipande. Lakini msanii Mark Witton alimchora akiwa na uso, macho na ngozi, na picha ikazunguka magazeti ya dunia nzima. Mnyama asiye na kichwa amepata picha yake! Mvuvi wa mbasa pale mdomoni mwa Ruhuhu, mwenye kichwa kizima na mikunjo ya miaka sabini, bado. Hapo ndipo nilipoamua: jaribio langu la kwanza litakuwa mzee wa Manda. Sio mzee fulani unayemjua, ni mzee wa kubuni, mwenye pua ya huku na taya ya kule, ila asimame pale ufukweni na asionekane mgeni.

Asili ya Blender, kwa ufupi

Blender ilizaliwa Uholanzi mikononi mwa Ton Roosendaal, miaka ya 1990. Kampuni iliyokuwa nayo ilipofungwa mwaka 2002, watumiaji walichangishana yuro 100,000 ndani ya wiki saba, wakaikomboa, na tarehe 13 Oktoba 2002 ikawa huru kwa kila mtu. Harambee, kwa lugha yetu. Machi 2025 filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender hii hii, ikabeba Oscar ya filamu bora ya katuni. Kwa hiyo anayekuambia kitu cha bure ni cha kuchezea, muulize yeye ana Oscar ngapi.

Washindani wapo. ZBrush ndiyo iliyozoeleka kwenye studio kubwa za filamu kwa uchongaji wa sura, na ni kali kweli, ila inalipiwa kwa dola, mwezi baada ya mwezi. Kwenye simu na vishikwambi kuna Nomad Sculpt ya Mfaransa Stéphane Ginier, na kwa Android unaweza kuionja bure ikiwa na vizuizi vyake. Nomad naipenda kwa kuchonga ukiwa kwenye basi. Lakini kuchonga, kupaka, kuotesha nywele na kuunganisha na picha halisi, vyote ndani ya dirisha moja? Hiyo ni Blender.

Udongo usiokauka

Unaanza na mpira. Mpira tu, wa kijivu. Unashika brashi iitwayo Clay Strips, unapitisha, na nyama inapanda: paji la uso, mashavu, kidevu. Ukibonyeza Ctrl, brashi ile ile inachimba: tundu la jicho, shimo chini ya mfupa wa shavu. Ukibonyeza Shift inalainisha. Umeona akina mama wa Kikisi kando ya ziwa wanavyokizungusha chungu huku kidole kikisukuma udongo kutoka ndani? Ni mchezo ule ule wa kusukuma na kuvuta, isipokuwa udongo huu haukauki wala haupasuki, na ukiharibu unabonyeza Ctrl na Z, umerudi ulikotoka.

Uso ukivutwa sana unachanika kwenye wavu wake wa vipande vidogo. Hakuna shida! Amri moja ya kuuunda upya inasawazisha vipande vyote, unaendelea. Umbo likishakaa sawa unaingia kwenye ngazi za undani, na hapo ndipo nilipopiga kelele. Kila ngazi inazidisha vipande mara nne. Kichwa chenye vipande 10,000 kinakuwa 40,000, kisha 160,000, kisha 640,000, kisha 2,560,000, na ukitaka kurekebisha taya unashuka ngazi ya chini, unasukuma, unapanda tena, na vitundu vyote vya ngozi ulivyochonga juu bado vipo, vimesogea pamoja na taya! Nilishusha na kupandisha ngazi hizo kama mtoto aliyepata swichi ya taa.

Masikio, adui wa kila mchongaji, yamepata dawa tangu toleo la 3.5 la mwaka 2023. Kuna brashi zinazobeba umbo zima, pamoja na mikunjo inayopinda nyuma, na furushi lake linapakuliwa bure. Unaweka brashi kando ya kichwa, unavuta, sikio linatokea. Zima! Kazi iliyobaki ni kulizeesha, maana ndewe za mzee hurefuka na kulegea.

Siri moja ya mwanzo: kioo. Ukichonga shavu la kulia, la kushoto linajichonga lenyewe. Inaokoa muda mno, ila uso uliobaki hivyo unatisha, hakuna binadamu wa namna hiyo. Zima kioo mapema. Jicho moja lishuke kidogo, pua ielekee upande, mdomo uvutwe na ule upande anaotafunia. Dakika ulipozima kioo ndipo mtu anapoanza kuingia ndani ya udongo.

Wapo watakaokuelekeza kwenye MPFB, nyongeza ya bure inayokupa mwili na kichwa tayari, ukivuta vitelezi vya umri, unene na asili. Kwa kuanzia inafaa sana. Lakini bara zima limepewa kitelezi kimoja! Mmanda, Mpangwa, Mmasai na Mnubi wote humo humo. Unapata mtu wa wastani ambaye hajazaliwa kijiji chochote. Chukua shingo na mabega kutoka humo, uso uchonge mwenyewe.

Ngozi: hapa ndipo kazi ilipo

Nimesoma na kutazama mafunzo mengi ya ngozi ya kompyuta, na karibu yote yanaanzia kwenye ngozi nyeupe. Si ajabu. Mwaka 2008 dunia ilishangazwa na Digital Emily, uso wa mwigizaji Emily O'Brien uliopigwa skani huko Chuo Kikuu cha Southern California. Baadaye kichwa cha Lee Perry-Smith wa Uingereza, kilichogawiwa bure, kikawa kichwa cha majaribio kila unapogeuka. Mwaka 2020 Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika wazi kwamba fani nzima iliweka ule mng'ao wa ngozi nyeupe, nuru inayopenya na kutoka na wekundu, kuwa ndiyo kipimo cha ubinadamu. Ukifuata mafunzo hayo neno kwa neno kwa mzee wa Manda, unapata mdoli wa nta uliopakwa kahawia.

Kwa hiyo fungua nodi ya Principled, yaani kisanduku cha vipimo vya ngozi, na unifuate. Kuna kipimo cha nuru kupenya ndani ya ngozi. Blender inakiacha kwenye mita 0.05, yaani sentimita tano. Sentimita tano ni nuru inayoingia shavuni na kukaribia kutokea shavu la pili! Shusha hadi milimita chache. Melanini ya ngozi nyeusi inakunywa nuru nyingi kabla haijafika chini, kwa hiyo wekundu ubaki kidogo tu, kwenye ncha ya sikio, puani, na ndani ya mdomo wa chini.

Halafu geukia mng'aro wa juu, na hapa nilisimama nikazunguka chumba. Ngozi ya binadamu yeyote, ikitazamwa moja kwa moja, inarudisha asilimia 3 hivi ya mwanga kutoka juu kabisa, kabla haujaingia ndani. Mweupe, mweusi, hesabu ni ile ile. Ila kwenye uso mweupe hizo asilimia 3 zinamezwa na weupe ulio chini yake. Kwenye uso mweusi zinaonekana zote! Mng'aro ndio unaochora paji la uso, mwamba wa pua, mfupa wa shavu. Basi nguvu zako zote zipeleke kwenye ukavu na umajimaji wa ngozi: paji lenye jasho liteleze, shavu lililopigwa na upepo wa ziwa liwe kavu kama vumbi, midomo iwe katikati. Nilichora ramani hiyo ya kijivu kwa mkono, bila kugusa rangi hata moja, na mzee akapata uhai mbele yangu. Jamani! Rangi ilikuwa ile ile ya mwanzo.

Rangi nayo ina mambo yake. Usimpake kahawia moja. Paji lililochomwa na jua ni jeusi kuliko shingo chini ya kidevu. Kuzunguka macho kuna zambarau ya mbali. Mdomo wa juu na wa chini hailingani. Ukitaka undani wa kweli, piga picha za ngozi kivulini, anga likiwa na mawingu, kusiwe na mng'aro, kisha zitumie kama muhuri: unaiweka picha juu ya kichwa, unapaka, na madoa halisi yanahamia. Njombe na ukungu wake ni studio ya bure kwa picha za namna hiyo.

Mjomba na macho

Mzee alipofika hapo nilimpeleka Makambako kwa mjomba wangu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mitumbwi kabla hajahamia dukani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Lete nione huyo mtu wako." Akavaa miwani, akainama kwenye kioo, akanyamaza. Kisha akacheka. "Huyu hajavua hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Macho meupe kama ya mtoto wa shule! Mtu akikaa juani, maji yakimrudishia jua miaka yote hiyo, macho yanashika rangi ya chai. Na hapa pembeni" — akanionyesha pembe ya jicho lake mwenyewe — "pamekunjamana kwa kukodoa, siyo kwa kucheka."

Nimeona tathmini za wataalamu wa nchi za mbali zisizofika kwenye sentensi hizo mbili. Basi macho yakafanyiwa kazi upya, na Blender ikatoa kila nilichoomba. Jicho linajengwa kwa magamba mawili: tufe la ndani lenye mboni iliyobonyea, na gamba la nje la kioo linalopinda mwanga. Weupe nikaupaka chai ya rangi kwenye pembe, nikaongeza mishipa michache. Kuzunguka mboni nikachora ile pete ya kijivu-bluu wanayoipata wazee wengi. Mwisho, uzi mwembamba wa maji kando ya kope la chini. Ukiufuta uzi huo mzee anakufa, ukiurudisha anakutazama. Niliufuta na kuurudisha mbele ya mjomba, akaniambia niache uchawi dukani kwake.

Kipilipili, hatimaye!

Miaka na miaka nywele za kompyuta zilikuwa nyuzi zilizonyooka, na anayetaka kipilipili alijipatia kofia ya povu. Blender 3.5 ilileta nodi za nywele zilizo tayari: za kukunja, za kutimua, za kukusanya vishungi, hata za kusuka. Unaburuta moja juu ya nyingine, unavuta vitelezi, nywele zinajikunja mbele yako.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya kimejificha kwenye toleo la 4.0, la Novemba 2023. Nywele ya kipilipili, ukiikata na kuitazama kwa darubini, si ya mviringo. Ni bapa. Ubapa huo ndio unaoifanya imemeteke kwa vinukta vinukta badala ya kung'aa kwa mstari mmoja mrefu. Nodi ya nywele ya Blender sasa ina njia iitwayo Huang inayohesabu ubapa huo, na kitabu cha mwongozo kinakupa namba: kwa nywele za Kiafrika, 0.5 hadi 0.65. Niliandika 0.6. Nikabonyeza. Utosi wa mzee ukaacha kuwa zulia, ukawa utosi! Kitelezi cha melanini ukikishusha hadi sifuri nywele inakuwa nyeupe, ukipandisha inakuwa nyeusi, na kingine kinazichanganya bila mpangilio. Mvi zikatawanyika zenyewe, nyingi kidevuni, chache kisogoni.

Nje ya Blender pia mambo yanasogea. A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ameanzisha maktaba huria ya mitindo ya nywele za Kiafrika kwa kompyuta, na mwaka 2024 yeye, Theodore Kim na wenzao wakatoa njia ya kukokotoa namna kipilipili kinavyojikunja. Hesabu za nywele zetu zimeanza kuandikwa, na zinatugusa moja kwa moja.

Kumsimamisha ufukweni

Kumleta mzee kwenye picha halisi ya Manda ndiko kunakotenganisha kazi na katuni. Manda iko ufukwe wa mashariki, kwa hiyo jua linazama upande wa maji, kule Malawi. Ukipiga picha ya ziwa saa 11 jioni, jua lipo mbele yako. Maana yake nini kwa mzee anayekutazama? Jua liko mgongoni mwake! Masikio na mabega yapate ukingo wa dhahabu, uso uwe kivulini, na nuru ya usoni itoke chini, kwenye mchanga. Ndani ya Blender nilitandaza bapa kubwa lenye rangi ya mchanga miguuni pake, na kidevu kikapokea joto lile ambalo hakuna taa ningeweza kulifanya kwa kubahatisha.

Kwa anga nilianza na Poly Haven, hazina ya bure iliyoanzishwa na Greg Zaal wa Afrika Kusini, yenye picha za anga la duara zima zinazomulika kazi yako. Nilianza na anga la Kloofendal, upande wa Johannesburg, kisha nikaligeuza mpaka jua likalingana na la picha yangu. Kwa lenzi, usijidanganye: kamera kuu ya simu huona kwa upana, karibu milimita 26, na kamera ya Blender inaanza na 50. Usipozilinganisha, mzee ataonekana amebandikwa kama stempu. Programu ndogo ya bure, fSpy, inasoma mistari ya picha na kukupa lenzi na kimo cha kamera. Kwa ziwa tupu haina mistari ya kushika, hivyo pigia picha mahali penye ukuta wa jengo.

Kisha kanuni yangu mpya ya maisha: weusi wa mhusika usizidi weusi wa picha. Tazama kivuli cheusi kuliko vyote kwenye mtumbwi ulio umbali ule ule. Ukungu wa ziwa umekifanya cha kijivu, sio? Basi na kivuli cha shingo ya mzee kipande hadi hapo. Ongeza chenga za picha, punguza makali ya kope kidogo, na mfumo wa rangi wa AgX, ulioingia na 4.0, utamalizia kwa kuyatuliza yale maeneo yenye jua kali bila kuyageuza machungwa. Nilipitisha mguso wa mwisho kwenye GIMP 3.0, nayo bure, ya Machi 2025, inayokuruhusu kurekebisha vichujio hata baada ya kuvitumia.

Kinachoudhi

Sifa zisinipofushe. Siku za kwanza skrini inakutisha: vitufe vingi, menyu ndani ya menyu. Kuchonga kwa kipanya kunaumiza mkono, tafuta kalamu ya kuchorea hata ya bei ya chini. RAM ya gigabaiti 8 inatosha kuanza, ila ukipanda ngazi ya vipande milioni mbili na nusu mashine inaanza kuhema. Kurenda, yaani kuiachia kompyuta ikokotoe mwanga mpaka picha itoke, kwa injini ya Cycles bila kadi nzuri ya michoro ni kazi ya kulaza mashine usiku, na umeme ukikatika alfajiri unaanza upya. Kisafisha chenga kilichomo ndani kinakuruhusu ukokotoe kidogo na upate picha safi, kitumie, ila kikizidi kinafuta vitundu vya ngozi ulivyovitolea jasho. Na ninyi wa Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mna feni ya Mungu. Kule ziwani, chini ya mita 500, laptopu inachemka na kupunguza mwendo. Nilichonga Manda, nikarenda Njombe.

Utaniuliza kwa nini nisiandike sentensi moja, akili mnemba ikanitolea mzee mara moja. Mwombe huyo mzee ageuze shingo. Mwombe aonekane kwa nyuma, akiwa ni yule yule. Mwambie mjomba hapendi macho, rekebisha macho tu. Wangu anageuka, na kesho ataingia kwenye filamu, jalada la kitabu au somo la historia bila kubadilika sura.

Jambo moja la kuheshimu: uso ni wa mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na zaidi ya sheria kuna adabu. Ukitaka ngozi ya babu wa watu, muombe, mwambie inakwenda wapi, na mwonyeshe kilichotoka. Ukichanganya pua ya huyu na taya ya yule kwa ruhusa zao, unapata mhusika asiye mali ya mtu mmoja.

Hukumu

Ipakue. Kama unachora kwa penseli, ipakue leo usiku, maana jicho lako limeshafanya nusu ya kazi. Kama unauza picha na mabango, ipakue kwa ajili ya mwanga na kuunganisha picha, uchongaji utakuja. Kama mashine yako ina RAM ya gigabaiti 4, subiri kwanza, shika Nomad kwenye simu. Na kama ni mwalimu mwenye chumba cha kompyuta zinazotumika kuchapa barua tu, umekalia karakana ya sanaa bila kujua!

Usianze na kichwa kizima. Anza na pua moja, ya mtu uliyekaa naye meza moja, na umwombe akae karibu na dirisha. Ichonge, ipake, imulike, mwonyeshe. Akisema "hiyo si yangu", umepata mwalimu. Akiishika ya kwake kuhakikisha, nenda kwenye mdomo.